Fedha, ushahidi na tathmini: mwongozo kwa mashirika madogo ya Dodoma

Julai 1, 2025, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilifungwa rasmi, baada ya miradi yake mingi kusimamishwa tangu Januari mwaka huo. Mashirika ya Tanzania yaliyokuwa yakiendeshwa kwa ruzuku hiyo, ama moja kwa moja ama kupitia shirika kubwa zaidi, sasa yanagombea mifuko michache. Na kila mfuko unauliza swali lile lile: mnajuaje kwamba kazi yenu inaleta mabadiliko? Mwongozo huu ni wa shirika la watu watano hadi kumi, lenye ofisi ya kupanga Dodoma mjini, Kibaigwa au Kondoa, lisilo na mtakwimu wala fedha za kumwita mshauri kutoka mbali.

Niseme msimamo wangu mapema, maana yote yanayofuata yamesimama juu yake. Shirika dogo halina kazi ya kuithibitishia dunia kwamba wazo jipya linafaa. Kazi yake ni kuchukua jambo lililokwisha kupimwa, kulitekeleza kwa uaminifu kama lilivyotekelezwa pale lilipofaulu, kisha kupima bila kujidanganya kama limefanyika kweli na kama watu wamepata zaidi ya ambavyo wangepata bila mradi. Hilo linawezekana kwa bajeti ndogo.

Hatua ya 1: Taja tatizo kabla ya shughuli

Maandiko mengi ya miradi huanza na shughuli: tutaendesha warsha, tutatoa mafunzo, tutahamasisha jamii. Andika kwanza tatizo kwa sentensi moja yenye watu ndani yake, idadi yao na mahali walipo. "Watoto wengi hawasomi vizuri" haitoshi. "Katika shule sita za kata hizi tatu, watoto 210 kati ya 300 wa darasa la tatu na la nne hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili" inatosha, na mtu yeyote anaweza kwenda kuhakiki. Mfano huo ni wa kubuni, lakini nitaurudia huko mbele kwa sababu hesabu zake ni rahisi kufuata.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokwisha kupimwa, uanzie nyumbani

Wengi hudhani ushahidi ni kitu kinachotoka vyuo vya Ulaya na Marekani. Mikoa ya kati ina ushahidi wake, na baadhi yake unajulikana duniani kuliko unavyojulikana hapa.

Kongwa, vijiji sita viligawanywa jozi tatu kwa kura. Katika kila jozi, vijiji vyote viwili vilipewa dawa ya macho dhidi ya trakoma, lakini kimoja kiliongezewa kampeni shirikishi ya kuwaosha watoto uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kupata trakoma kali. Leo usafi wa uso ni mojawapo ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Shirika la maji na usafi lililoko Mpwapwa au Chemba lina pa kuanzia.

Mfano wa pili ni wa Chamwino. Kabla Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) haujasambaza mpango wa kunusuru kaya maskini nchi nzima, utaratibu wa kuzipa kaya fedha kwa masharti ulijaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilichaguliwa, 40 vikaanza kupokea fedha mwaka 2010 na 40 vikabaki kwa ajili ya kulinganisha. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikawanunulia watoto viatu, zikaongeza mifugo, na watoto wadogo wakaugua kwa siku pungufu kuliko wenzao. Sasa tazama jambo moja kwa makini. Mwanzoni kaya hizo zilikwenda zahanati mara nyingi zaidi. Baadaye mahudhurio yalishuka, huku afya ikiwa bora. Mtu aliyechagua kiashiria kimoja tu, "idadi ya mahudhurio zahanati", angesoma takwimu za mwisho akaandika kwamba mradi umeshindwa.

Wa tatu unahusu elimu. Mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, ulioanza mwaka 2013, uligawa shule 350 kwa kura: 70 zilipelekewa ruzuku ya fedha moja kwa moja, 70 walimu wake waliahidiwa bakshishi kulingana na wanafunzi waliofaulu mtihani wa stadi za awali, 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata chochote. Fedha peke yake hazikuinua uwezo wa watoto kusoma na kuhesabu. Zilipoambatana na bakshishi ya walimu, uliinuka. Ukiwa na andiko la kununua vitabu na madawati, usiliache jambo hili lipite hivi hivi. Liweke mbele ya bodi yako na mlijadili.

Kwa mada nyingine, pitia machapisho ya taasisi ya utafiti ya REPOA, ya Taasisi ya Afya Ifakara na hifadhi za tafiti za 3ie na J-PAL, mashirika ya kimataifa ya tathmini, zinazopatikana bure mtandaoni. Unaposoma utafiti wowote, jiulize: waliofanyiwa wanafanana na watu wangu kwa kipato, lugha na umbali wa huduma? Nani alitekeleza, serikali au shirika lenye magari kumi? Iligharimu kiasi gani kwa mtu mmoja? Na kitu gani hakikubadilika? Swali la mwisho ndilo hurukwa zaidi, na mara nyingi ndilo lenye faida kubwa.

Hatua ya 3: Chora mnyororo kwenye karatasi moja

Shughuli, kinachotoka moja kwa moja, mabadiliko ya tabia au uwezo, kisha faida ya mwisho. Chini ya kila kiungo andika unachodhania kitatokea. Mfano wetu: walimu wa kujitolea watafundisha saa moja kila siku baada ya masomo (tunadhani watoto watabaki shuleni), watoto watapangwa kwa uwezo wao badala ya darasa (tunadhani mwalimu mkuu ataruhusu), watafanya mazoezi ya kusoma kila siku (tunadhani hawataondolewa kwenda kuchunga).

Dhana hizo ndizo zinazovunja miradi, hivyo fuatilia hizo kwanza. Ikiwa kufikia mwezi wa pili nusu ya watoto hawabaki baada ya masomo, huhitaji tathmini ya mwisho wa mwaka kujua kitakachotokea.

Hatua ya 4: Viashiria vichache, vipimwe mwezi ule ule

Chagua vitano au sita. Viwili vioneshe kama kazi imefanyika (siku ambazo kipindi kilifanyika kweli, mahudhurio ya watoto), viwili au vitatu vioneshe mabadiliko, na kimoja kiwe cha gharama. "Idadi ya waliofikiwa" ni takwimu ya usafiri na posho. Iandike kwenye ripoti ikidaiwa, lakini usiiite matokeo.

Halafu kuna suala la msimu, ambalo huku kwetu huharibu tathmini kuliko kosa lolote la kitakwimu. Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ghala za kaya nyingi zimebaki na vumbi, watu wako kwenye palizi, na mlo umepungua. Juni na Julai mtama, uwele na alizeti vimevunwa. Ukichukua takwimu za awali Februari na za mwisho Julai, kaya zitaonekana zimepiga hatua kubwa hata kama mradi wako haukufanya kitu. Ukigeuza, utaonekana umewafukarisha. Pima Februari kwa Februari, Julai kwa Julai.

Hata hivyo mwezi peke yake hautoshi, kwa kuwa miaka haifanani. Mradi wa kilimo ulioanza mwaka wa ukame na kumalizika mwaka wa mvua nzuri utaonesha mavuno yamepanda kila mahali, ndani ya mradi na nje yake. Njia pekee ya kulijua hilo ni hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tafuta wa kulinganisha nao

Hapa ndipo tathmini nyingi za mashirika hukwama, kwa hiyo tuende polepole na ule mfano wetu.

Mwanzoni watoto 90 kati ya 300 waliweza kusoma hadithi, yaani asilimia 30. Mwisho wa mwaka wamekuwa 180. Shirika linaandika kwamba watoto 90 wamejifunza kusoma kwa sababu ya mradi. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 54, hivyo kila mtoto amegharimu 600,000.

Lakini watoto hukua, na shule zinaendelea kufundisha. Tuseme ulipima pia shule sita za kata jirani zisizo na mradi, zilizoanza zikiwa pale pale, asilimia 30, na mwisho wa mwaka zimefika asilimia 48. Maana yake, bila mradi watoto wako 300 wangefika 144. Kilicholetwa na mradi ni tofauti ya 180 na 144, yaani watoto 36. Gharama ya kila mmoja ni shilingi 1,500,000. Bado ni mafanikio ya kweli, ila ni mafanikio mengine kabisa, na uamuzi wa kuendelea au kubadilisha mbinu utategemea namba hii ya pili.

Utampata wapi wa kulinganisha naye? Njia bora kwa shirika lenye fedha kidogo ni kura ya hadharani. Una vijiji kumi vinavyohitaji mradi na fedha za vijiji vitano mwaka huu. Badala ya kuchagua vile vilivyo karibu na lami, waite wenyeviti wa vijiji na watendaji wa kata, andikeni majina kwenye vikaratasi na kila mtu aone vikichotwa. Vitano vinaanza sasa, vitano mwakani, ikiwa fedha za mwaka wa pili zipo kweli, maana ahadi hiyo ni deni. Watu huikubali kura waliyoiona kwa macho kuliko orodha iliyopangwa ofisini, na hakuna diwani wa kulaumiwa. Wakati huohuo umepata kundi la kulinganisha bila kumnyima mtu yeyote kitu ambacho ungeweza kumpa.

Kura ikishindikana, tafuta vijiji vinavyofanana kwa umbali wa barabara, chanzo cha maji, ukubwa wa shule na shughuli za watu, na uvipime vyote kabla ya kuanza. Usilinganishe kamwe waliojiunga na waliokataa kujiunga katika kijiji kile kile. Waliojiunga tayari wana bidii, muda au uwezo ambao wenzao hawana, na tofauti utakayoiona mwishoni ni hiyo.

Idadi ya kupima nayo ina kanuni zake. Kujua asilimia ya jambo fulani kwa wakati mmoja, watu 96 waliochaguliwa kwa kubahatisha watakupa jibu lenye mwanya wa pointi 10 juu au chini. Watu 384 wataupunguza mwanya hadi pointi 5. Kutambua mabadiliko ni kazi ngumu zaidi. Ukitaka kuitambua kwa uhakika wa kawaida tofauti ya asilimia 40 na asilimia 55 kati ya makundi mawili, unahitaji takribani watu 173 kila upande. Na kwa kuwa watu wa kijiji kimoja hufanana, idadi hiyo inaweza kukaribia mara mbili. Shirika linalofanya kazi na wanawake 40 wa kikundi kimoja lisijisumbue na hesabu hizi. Lifuatilie utekelezaji kwa makini, liongee kwa kina na waliofaulu na walioacha, na lisidai kwenye ripoti kwamba limepima athari.

Hatua ya 6: Bajeti na andiko

Tathmini isiyo kwenye bajeti haifanyiki. Weka mstari wa ufuatiliaji na tathmini tangu andiko la kwanza; asilimia 5 hadi 10 ya bajeti ni kiwango ambacho wafadhili wengi wamekizoea. Ichambue: siku za wadadisi, posho na mafunzo yao, nauli au mafuta, mtu wa kuingiza na kuchambua takwimu, na mikutano ya mrejesho vijijini. Programu kama KoboToolbox hukuwezesha kukusanya majibu kwa simu ya kawaida ya kugusa, hata pasipo na mtandao, kwa hiyo usiombe vishikwambi kumi usivyovihitaji.

Omba pia gharama halisi za kuendesha ofisi: mhasibu, pango, ukaguzi wa hesabu. Mashirika huogopa kuziandika yasionekane ya gharama kubwa, kisha mwaka mzima mhasibu analipwa kwa kuvunja mafungu mengine. Huko ndiko hoja za ukaguzi zinakozaliwa.

Kuhusu nani wa kuombwa, gawanya tegemeo lako. Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania kwa zaidi ya miaka 20 na inafaa kwa anayeanza. Balozi kadhaa zina mifuko midogo. Halmashauri haitakupa ruzuku kubwa, lakini inaweza kukupa mwalimu, afisa ugani au jengo, na mchango huo uuthaminishe kwa shilingi ndani ya andiko. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, hivyo nenda kuzungumza na idara husika miezi mingi kabla, mipango ikiwa bado inaandikwa.

Katika andiko lenyewe, aya ya ushahidi iwe fupi na ya kweli: jambo hili lilipimwa wapi, lilileta nini, sisi tutabadilisha nini na kwa sababu gani. Kisha sema wazi matokeo gani yatawafanya msimamishe mradi. Aya hiyo ya mwisho wengi huiogopa. Kwa maoni yangu ndiyo inayomwonesha msomaji makini kwamba shirika linajua linachofanya.

Hatua ya 7: Vibali

Ofisi ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali iko hapa Dodoma, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka sharti la kuwasilisha kwa Msajili na Hazina mkataba wowote wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Weka tarehe hiyo ukutani siku ile ile mnaposaini.

Kwa ukusanyaji wa takwimu, barua hushuka kwa ngazi: mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi, hata kama mwenyekiti wa kitongoji ni ndugu yako. Kazi ikiwa ni utafiti hasa, kibali ni cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ikigusa afya za watu, maadili yake hupitiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 1, 2023: majina, namba za simu na hali za kiafya za walengwa si mali ya kutumiana kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Tenganisha jina na majibu, tumia namba ya siri, na kwa mtoto pata ridhaa ya mzazi kwanza.

Hatua ya 8: Uwandani

Wadadisi wawe wanaijua lugha ya mahali. Bahi na Chamwino bibi mwenye kaya anaweza kukujibu Kiswahili cha heshima, "ndiyo, tunashukuru", na yale ya moyoni akayasema kwa Kigogo. Kondoa ni Kirangi, na sehemu za Chemba ni Kisandawe. Kubalianeni tafsiri ya kila swali ofisini, kwa sauti, kabla ya kwenda, ili wadadisi wanne wasiulize maswali manne tofauti.

Mdadisi asiwe yule yule aliyefundisha au kugawa vifaa. Hakuna mama atakayemwambia aliyempa mbuzi kwamba mbuzi amekufa. Epuka siku ya mnada, fika asubuhi au jioni wakati wa palizi, na kaya isiyokutwa irudiwe badala ya kuruka kwa jirani, kwa sababu kaya ambazo hazipo nyumbani mara nyingi ndizo zinazohangaika na vibarua. Msimamizi arudie maswali matatu kwa kaya moja kati ya kila kumi, bila kutoa taarifa. Majibu yakipishana sana, kaa na mdadisi siku hiyo hiyo, si mwisho wa zoezi.

Hatua ya 9: Kusoma matokeo na kuyarudisha

Anza na utekelezaji. Kama vipindi vilifanyika nusu ya siku zilizopangwa, matokeo hafifu hayasemi lolote juu ya mbinu. Yanasema mbinu haikutekelezwa. Kama vilifanyika vyote na bado hakuna tofauti na shule jirani, basi mbinu haikufaa mahali hapa, na hiyo ni taarifa yenye thamani kwa shirika linalofuata.

Yapeleke matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kumtumia mfadhili. Wananchi watakueleza vitu ambavyo jedwali haliwezi: kwamba darasa la jioni lilikufa kisima kilipoharibika na watoto wakatumwa maji mbali, au kwamba mwalimu wa kujitolea aliacha baada ya posho kuchelewa miezi miwili. Andika maelezo hayo ndani ya ripoti, pembeni ya namba zinazohusika.

Kisha mwandikie mfadhili: watoto 36, si 90, shilingi 1,500,000 kwa kila mtoto, hiki ndicho tunachobadilisha msimu ujao, na hii ndiyo bajeti yake. Ambatanisha dodoso na jedwali la takwimu lisilo na majina. Weka nakala moja kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, moja kwa mtendaji wa kata, na moja kwenye kabati la ofisi, ili atakayeajiriwa baada yako asianze utafiti wa awali upya.